Kanuni ya Tisa ya Karakana

12 Februari

Mwanangu,

Natumaini kikohozi ulichomwandikia mama yako kimekuachia kifua, na kwamba umeamka vizuri siku barua hii inapokufikia. Sisi huku hatujambo. Mama yako anasema goti limepona, lakini akipanda ngazi anashika ukuta, kwa hiyo amua mwenyewe umwamini nani.

Najua barua zako huwa unamwandikia yeye, na mimi naambulia salamu kwenye mstari wa mwisho. Sina kinyongo. Leo nakuandikia kwa sababu ya kazi.

Chuo chetu mwaka huu kimepokea wanafunzi wanne viziwi, wavulana watatu na msichana mmoja, wote katika idara yangu ya kukereza chuma. Mkuu wa chuo ameagiza masomo yangu yote ya karakana yarekodiwe, video kumi na mbili, na kila video iwe na maandishi chini ya picha ili hao wanne wasome ninayosema. Mwalimu msaidizi anashika kamera. Mimi nayaandika maneno yangu mwenyewe, kwa vidole viwili, na fundi wa kompyuta anayabandika kwenye picha. Sasa mkuu anataka mtu wa nje ayakague, ikiwezekana mtu asiyesikia. Akaniuliza kama namfahamu yeyote. Nikamwambia binti yangu ni kiziwi tangu ana miaka saba, na kazi yake ni kusahihisha vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji. Basi akafurahi, usiseme.

Ndani ya bahasha kuna flashi yenye video mbili za kwanza. Kagua kama unavyokagua vitabu vya watu, usinionee huruma.

Baba yako


20 Februari

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha, nashukuru kwa kuniulizia. Mwambie mama aende kwa daktari wa magoti.

Nimetazama video zote mbili, kila moja mara tatu. Video ya kwanza, dakika ya pili, unaandika ubaoni huku unaongea, na kamera umeipa mgongo. Maandishi yanatokea lakini sijui kama ni maneno yako au ya mtu mwingine chumbani. Geuka. Dakika ya tano unakaza kipande cha chuma kwenye taya za mashine na papo hapo unaeleza. Macho yangu ni mawili lakini yanakwenda pamoja. Nikisoma maneno sioni mikono, nikitazama mikono maneno yamepita. Sema kwanza, nyamaza, kisha fanya. Tena maandishi yamewekwa chini ya picha, na mikono yako nayo iko chini ya picha, kwa hiyo kile unachofundisha kimefunikwa na maelezo yake. Yapandishwe juu.

Dakika ya tisa imeandikwa "kicheko", basi. Wanacheka nini? Kama ni utani wako, uandikwe wote. Asiyesikia naye ana haki ya kuchoshwa na utani wako kama wenzake.

Kuna jambo moja ambalo si la maandishi. Nyuma ya bega lako la kushoto kuna ubao wa kanuni za karakana. Nimeikuza picha, na kanuni ya tisa inasomeka vizuri: "Asiyesikia haruhusiwi kusimama mbele ya mashine inayozunguka." Nauliza kama mkaguzi tu. Hao wanne watasimama wapi?

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Habari za huko? Sisi wazima. Mama yako amekataa daktari, anasema goti ni lake.

Nimefanya ulivyosema. Kunyamaza kumenitoa jasho. Miaka thelathini nafundisha kwa mdomo na mikono pamoja, sasa nikinyamaza najiona kama mtu aliyesahau alichokuja kusema. Mwalimu msaidizi anacheka mpaka kamera inatikisika. Video ya tatu na ya nne ziko ndani ya flashi, maandishi yako juu, na utani umeandikwa wote. Nimeusoma kwenye karatasi na kweli haukuwa na chumvi.

Kuhusu hao wanne. Wakati wenzao wako karakana, wao wanakaa chumba cha kompyuta wanatazama video. Wana bidii, hasa huyo msichana, ana daftari lililochorwa kila kifaa na kila kipimo. Mwezi wa sita wenzao wakifanya mtihani wa vitendo, wao watafanya wa karatasi, na cheti chao kitaandikwa "nadharia". Ndivyo mkuu alivyopanga, na mimi nilikubali.

Ubao usikusumbue. Ni usalama tu. Mashine hizi hazina mchezo, na anayezitumia lazima asikie chuma kinapoanza kulalamika.

Baba yako


11 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Video ya tatu ni nzuri. Ya nne ina makosa sita madogo, nimeyaorodhesha kwenye karatasi ya kijani.

Kanuni ya tisa naijua tangu kabla haijapanda ubaoni. Niliisoma kwenye fomu yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, niliomba nafasi katika idara yako, na wewe ulikuwa mkuu wa idara. Palipoandikwa "sababu ya kukataliwa" uliandika sentensi hiyo hiyo kwa mkono wako. Wakati ule kanuni zilikuwa nane. Ya tisa uliiandika kwa ajili yangu.

Iliniuma sana, baba. Sikukwambia, kwa sababu nikiwa na hasira sauti yangu haitoki sawasawa, na ishara wewe hujui. Mama alijifunza. Wewe ulisema mikono yako ina kazi.

Siandiki haya ili tugombane. Naandika kwa ajili ya huyo msichana wa daftari. Nani atamwajiri fundi ambaye cheti chake kinasema hajawahi kushika mashine? Mnamfundisha kuogelea akiwa kitandani. Nitaendelea kukagua kwa ajili yao, lakini nataka ujue nakagua nini.

Mwanao


25 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Sikujua kwamba unakumbuka hata kanuni zilikuwa ngapi. Nilikuwa na hofu. Nimeshaokota kidole cha mtu sakafuni, nikakifunga kwenye kitambaa, nikakimbia nacho hospitali. Nilipoiona fomu yako niliona kidole kile. Mambo ya fomu tuyaache, yameshapita, na huwezi kusema umeharibikiwa na maisha.

Video ya tano, ya sita na ya saba hizi hapa. Mkuu ananitia presha, anataka zote ziishe kabla ya mwezi wa tano.

Baba yako


8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini mama na goti lake wanaelewana.

Naandika polepole ili nisikosee. Video ya tano na ya sita, maandishi hayalingani na mdomo wako. Midomo yako ndiyo ya kwanza niliyojifunza kuisoma, naijua kuliko ya mtu yeyote. Dakika ya tatu unasema "legeza kidogo, robo mzunguko", na maandishi yanasema "hakikisha kimekaza". Dakika ya nane unaeleza mafuta ya kupozea kwa sentensi nne, na maandishi yana sentensi moja ambayo hukuisema kabisa. Nilidhani umechoka. Kisha nikaona kwamba maandishi ya video ya sita yanafanana na daftari lako la zamani la kufundishia, lile lililokuwa sebuleni. Hukuandika ulichosikia. Umeandika unachokumbuka.

Video ya saba ndiyo iliyonishtua. Dakika ya kumi na moja uko kwenye mashine na wanafunzi wenye kusikia wamekuzunguka. Ghafla vichwa vyote vinageuka kushoto, kwa pamoja. Msichana mmoja anaziba masikio. Mwalimu msaidizi anasogea mpaka nusu ya uso wake inaingia kwenye picha, anaita "Mwalimu" mara tatu, mdomo wake unaonekana. Wewe unaendelea kukata chuma. Unageuka anapokugusa bega.

Baba, sura ya chumba ambamo watu wote wamesikia isipokuwa mmoja naijua. Nimeishi katika chumba hicho miaka ishirini na minne. Ni tangu lini?

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Ulichoombwa kukagua ni maandishi. Hukuombwa kunikagua mimi.

Mabati yalianguka stoo. Mtu aliyezama kwenye kazi hageuki kwa kila bati linaloanguka.

Rudisha flashi. Nitamtafuta mtu mwingine.

Baba yako


29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Flashi hii hapa. Marekebisho ya video ya tano mpaka ya saba nimeyaandika yote, kila neno ulilolisema kwa mdomo wako, ili wale wanne wasipotoshwe. Ilinichukua Jumapili tatu.

Sijamwambia mtu wala sitamwambia, hata mama. Hilo ni lako, na uamuzi ni wako.

Lakini kama ninavyodhani ni kweli, basi kila asubuhi unasimama mbele ya mashine inayozunguka, na nyuma ya bega lako kuna ubao unaosema huruhusiwi. Wale wanne wako chumba cha pili wanakutazama kwenye kioo cha kompyuta. Mtihani wao ni mwezi wa sita. Mimi nilisubiri jibu lako likiwa limeshaandikwa. La kwao bado halijaandikwa.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima na zaidi. Natumaini u mzima, na kwamba kazi haikukalii shingoni. Sisi tunaendelea.

Ni miaka sita. Sikio la kushoto lilianza, la kulia likalifuata. Mama yako anajua, hukuwa na siri ya kumfichia. Ndiye ananionyesha kidole mlangoni mgeni akibisha. Kazini nilikuwa nakula kona. Mtu akiniuliza jambo namwambia aandike ubaoni wote walione, nao wakanisifu kwa njia nzuri ya kufundisha. Niliogopa kutolewa karakana. Nikitoka pale mimi ni nani, mwanangu? Video nne za kwanza niliziandika nikiwa bado nakumbuka nilichosema. Mkuu aliponiharakisha, zilizofuata nilizitazama bila kusikia neno, nikachukua daftari la zamani nikanakili. Sikufikiri kwamba mkaguzi kiziwi ndiye angegundua.

Ulipoandika habari ya ubao sikula siku hiyo. Kesho yake nilisimama kwenye mashine nikajichunguza kama mtu mwingine. Mkono wa kushoto umelala juu ya mashine, karibu na kisu. Kisu kikilegea mashine inatetemeka na kiganja kinaanza kuwashwa. Macho yako kwenye nyuzi za chuma zinazotoka, na zikigeuka bluu najua kuna moto, napunguza mwendo. Uso wa kipande ukipata mawimbi nasimamisha. Sijatumia sikio hata kidogo kwa miaka sita, na sijaharibu kipande wala kidole. Kisha nikachukua maandishi ya video saba nikahesabu. Nimewaambia wanafunzi "sikilizeni mashine" mara kumi na tisa. Mahali pa kiganja sikuwaambia hata mara moja, kwa sababu hata mimi sikujua kwamba ndicho ninachotumia.

Nikaenda kwa mkuu wa chuo. Nilimwambia kwamba kama kanuni ya tisa ni ya kweli nimeivunja kila siku kwa miaka sita, na aniondoe leo. Kama si ya kweli, wale wanne waingie karakana kesho. Akaongea sana, akapiga meza. Nikamwambia sisikii anachosema. Akavuta karatasi akaandika kwa herufi kubwa: NENDA KWA DAKTARI WA MASIKIO. Chini yake akaandika: HAO WANNE NITAAMUA MIMI.

Daktari amesema la kushoto limekwisha na la kulia limebaki kidogo. Idara amepewa mwalimu msaidizi. Mimi nimehamishiwa chumba cha vifaa, na kwenye mashine nasimama nikiwa na mtu pembeni. Mkuu alichukua siku tisa kuamua. Fundi umeme amefunga taa nyekundu juu ya kila mashine, dharura ikitokea zinawaka zote. Kanuni ya tisa imefunikwa kwa rangi ya kijivu. Wale wanne waliingia karakana Jumatatu iliyopita, wakiwa wamebakiza wiki nne kabla ya mtihani, na mtu wa kusimama nao pembeni niliombwa niwe mimi. Nilimshika msichana mkono wa kushoto nikauweka nilipokuwa naweka wangu. Kisu kikalegea, akauondoa na kuzima mashine kabla mwalimu msaidizi, mwenye masikio mawili mazima, hajafungua mdomo.

Nilikuzuia kazi ambayo ungeiweza. Sikuwa na hofu ya kidole peke yake. Niliona aibu watu waseme mwalimu amemwingiza binti yake kiziwi kwa mlango wa nyuma. Nilikukosea, na naumia kuliandika, lakini ndivyo ilivyo.

Video zote narekodi upya. Tafadhali zikague.

Baba yako


4 Julai

Mwanangu mpendwa,

Habari za siku? Sisi wazima, goti limekubali daktari hatimaye.

Mtihani umepita. Katika wale wanne, watatu wamefaulu vitendo. Msichana alikereza mhimili wake ukaingia kwenye kipimo bila kusukumwa. Mvulana mmoja ameshindwa, alikata zaidi ya kipimo kwa sababu ya pupa, na atarudia mwezi wa kumi pamoja na wenzake sita wenye kusikia walioshindwa kwa pupa hiyo hiyo. Vyeti havitaandikwa nadharia.

Ndani ya bahasha kuna fomu. Idara inafungua masomo ya jioni ya kukereza, na mwalimu msaidizi, ambaye sasa ndiye bosi wangu, amesema nafasi moja ni yako ukiitaka. Nimeijaza sehemu ya jina. Nyingine jaza wewe.

Baba yako


13 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kwa ajili ya wale watatu, na wa nne mwambie apunguze haraka.

Fomu nimeipokea. Nimeisoma yote, nimesahihisha kosa moja la chapa kwenye ukurasa wa pili, na nairudisha bila kuijaza.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa ningeijaza nimesimama mlangoni. Sasa nina miaka thelathini na moja. Nina meza yangu karibu na dirisha na kalamu nyekundu, na kitabu hakitoki kiwandani bila saini yangu. Kazi hii naipenda. Niliingia kwa kukosa ile nyingine, lakini nimebaki kwa kupenda. Hiki si kisasi. Nimekaa na fomu yako mezani siku nne nikitafuta yule msichana aliyekuwa anaitaka, na sikumpata.

Nimekusamehe, ila usidhani umenirudishia kitu. Wale wanne umewapa chao na umefanya vizuri. Changu kilikwenda, na huwa kinaniuma mara moja moja, hasa nikipita mahali nikaona cheche.

Mama ananiandikia kwamba siku hizi mnaongea kwa daftari, na la tatu limejaa. Anasema mkigombana anachoka mkono kabla hajamaliza hoja. Chukua likizo uje kwangu wiki mbili. Nitakufundisha ishara. Usije kwa ajili yangu, mimi midomo yako naisoma. Wewe ndiye usiyejua kusoma chochote cha kwangu isipokuwa karatasi.

Video ulizorekodi upya njoo nazo.

Mwanao


22 Julai

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa stoo, nikafunga mlango, nikalia. Siyo kwa sababu ya fomu peke yake. Fomu nimeichana.

Likizo nimepewa. Nakuja Jumamosi tarehe 3 Agosti na basi la asubuhi, nina begi moja na flashi tano. Mama yako amenifundisha ishara mbili ili nisifike mtupu. Moja ni "chai". Ya pili amekataa kuniambia maana yake, amesema nikuonyeshe wewe.

Nitafika mlangoni kwako kama saa nne. Hodi yangu hutaisikia, na karibu yako sitaisikia. Kwa hiyo mlango uache wazi.

Baba yako